Kapiteni wa Kitabu na Siku ya Kuhesabiwa

Mtu aliyetaka kumpeleka mdogo wangu vitani hakuwa na bunduki. Alikuwa na kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, kilichoeleza jinsi wafalme wa Ulaya walivyopigana zamani, farasi huku na mizinga kule, na kwa kitabu hicho alijipa cheo cha kapiteni. Kwetu Kivu ya Kusini, Kongo, alikuwa mwalimu wa historia. Alikimbia kama tulivyokimbia sote, na nina hakika alitutangulia mbio, maana tulipofika Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, mwaka 2003 tulimkuta ameshajenga na ameshaota kitambi.

Nitamwita kapiteni kwa sababu kila mtu alimwita hivyo. Wengine walimwita kwa heshima, mimi kwa dhihaka, naye aliitika sawasawa kwa wote.

Nyumbani kwetu tulikuwa watatu: mama, mimi, na mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba. Baba na kaka zetu wawili walibaki kule, chini ya udongo. Mdogo wangu alifika Nakivale na miaka kumi na minne na miguu imevimba. Mwaka ninaousimulia, 2012, alikuwa mwanamume wa miaka ishirini na mitatu, mrefu, mkimya, mwenye mikono ya kazi. Alilima mahindi na maharage kwenye kipande tulichopewa, na mimi nilikausha samaki wa ziwani kwa moshi na kuwapeleka mjini Mbarara. Mama alipika na kuomba Mungu. Hatukuwa na shida kubwa kuliko za wengine, na hilo ndilo lililomkera mdogo wangu. Aliona aibu kukaa. Ukiwa kijana kambini, kila mzee anakuuliza utarudi lini kuikomboa nchi, na kila karani anakuuliza kadi yako iko wapi.

Mafunzo yalifanyika Jumatano alasiri nyuma ya kanisa, kwaya ikishamaliza mazoezi. Kapiteni alitandika kipande cha shitingi, lile turubai jeupe tulilopewa la kuezekea, akachora mito na milima kwa mkaa. Maharage mekundu yalikuwa sisi, meupe yalikuwa adui. Vijana kama ishirini walichuchumaa kulizunguka wakitoa macho. Nilikwenda kusikiliza mara ya kwanza nikijitia kumpelekea mdogo wangu jembe. Hakuna aliyenifukuza, kwa kuwa mwanamke mwenye jembe haonekani.

"Kila adui iko na kitovu," kapiteni alisema, kidole juu. "Mutu anaweza kosa mukono, anaweza kosa muguu, ataendelea kupigana. Lakini ukimupiga pa kitovu, mwili muzima inaanguka. Sisi tutakusanya nguvu yetu yote fasi moja, tupige mara moja tu, na vita itakwisha. Hii si maneno yangu. Ni ya bakubwa ba vita."

Vijana waliguna kwa kuridhika. Mimi sijui kunyamaza, ni ugonjwa wangu tangu utotoni.

"Kapiteni, niko na swali. Kule milimani kwetu, beko makundi ngapi?"

"Mingi, dada."

"Basi vitovu ni ngapi?"

Wawili watatu walicheka. Mdogo wangu hakucheka. Kapiteni alinitazama kwa huruma ya mwalimu anayemtazama mwanafunzi mzito.

"Hii ni siyansi, dada. Si samaki."

Niliondoka na jembe langu. Lakini kichwani nilikuwa nimeanza kugombana na kile kitabu, na sijamaliza hadi leo.

Nimeishi vitani miaka mitano, tangu 1998 hadi tulipokimbia, na sijawahi kuona majeshi mawili yakitazamana. Hata siku moja. Kijijini kwetu yalipita makundi matatu katika mwaka mmoja, na kila kundi lilidai bakuli moja la unga kwa kila nyumba. Hawa wakiondoka asubuhi, wale walifika adhuhuri. Walipishana kwa adabu, kama wageni wa msiba wanaopokezana mkeka. Waliokuwa wakombozi Jumatatu walikuwa maadui Alhamisi, na sufuria ya mama ilikuwa ileile. Hakuna aliyepigwa kitovuni isipokuwa sisi, wenye sufuria. Baba aliuawa na kundi moja kwa kulisha lingine, na kaka zangu wakauawa na lile lingine kwa kulisha la kwanza. Ungeniambia nichore vita hiyo juu ya shitingi, ningemwaga maharage yote, mekundu na meupe, halafu nikayakanyaga.

Kuna jambo moja la kitabu ambalo kapiteni alilisoma vizuri, nalo lilinikera zaidi kwa sababu lilikuwa kweli: kwamba vita ina wenyewe, wana wanachokitaka, na bunduki ni mjumbe wao tu. Hapo alifunga kitabu kwa fahari. Hakusema kwamba wenyewe hawafi, na hakusema wenyewe wa vita yake ni akina nani. Nilipomuuliza mdogo wangu, alisema ni sisi. Nikamwambia sisi hatuna hata mlango wa bati.

"Yaya," alinijibu, maana kwetu dada mkubwa ni yaya, "weye unazarau kila kitu. Utazarau mpaka lini?"

Nilijua akienda hatarudi. Sikuhitaji kitabu kulijua hilo, kwa kuwa nyumbani kwetu wanaume waliofikiwa na vita ile walikuwa watatu, na aliyepona hakuna. Nilimpenda yule kijana kwa ukali, namna niliyozoea kupenda, na niliapa kwamba mwalimu wa historia hatamchukua.

Mbarara nilikuwa na wateja kwenye nyumba za familia za askari, nje ya mji upande wa Kakiika. Wake za askari wanapenda samaki mkavu na hawapendi kusubiri, kwa hiyo tulielewana. Mmoja wao, mume wake alipostaafu usajini, walihamia Ruti kwenye barabara ya Kabale, wakajenga vyumba vitatu na kufuga ng'ombe wawili. Niliendelea kumpelekea samaki huko. Mzee mwenyewe katika ujana wake alikuwa msituni na waasi, kabla waasi hawajashinda na kuwa serikali. Nikaona, nikitaka kujua habari ya uasi, nimuulize mtu aliyeuishi, si mtu aliyeusoma.

Nilimkuta akikatakata majani ya ng'ombe kwa panga. Nilimsimulia habari ya kitovu, na kukusanya nguvu mahali pamoja, na kupiga mara moja vita iishe. Sikutaja mahali wala mtu. Alicheka mpaka akaweka panga chini.

"Nyabo, hiyo ni vita ya watu wanaitana. Wewe leta jeshi yako, mimi naleta yangu, tukutane uwanja. Sisi hapana. Sisi ilikuwa kukimbia tu. Kukimbia, kulala, njaa, tena kukimbia. Sisi tukikusanyika mahali pamoja, tunaisha siku hiyo."

"Sasa afande, mulishinda namna gani?"

"Tulikataa kuisha." Akachukua tena panga lake. "Serikali walitushinda mara mingi. Mara mingi sana. Wanatangaza redio, vita imeisha. Sisi tuko pale, tunasikiliza redio yao."

Nikamuuliza kile nilichokuja kuuliza: kitu gani kiliwatisha kuliko risasi. Alifikiri, akatazama jikoni alikokuwa mke wake.

"Musimu ya kuvuna," alisema. "Mama ya kijana anatuma ujumbe, mahindi imekauka, kuja. Anaweka bunduki, anaenda. Siku moja nilipoteza watu kumi na moja kwa mahindi. Hakuna adui alinipiga hivyo."

Niliondoka Ruti nimefurahi. Nilikuwa nimekipata kitovu cha kapiteni, na kilikuwa jikoni. Yale mengine aliyosema, ya kushindwa mara nyingi na kukataa kuisha, niliyaacha pale pale na majani ya ng'ombe.

Kapiteni alichagua siku ya kuondoka kwa kufuata kitabu. Kitabu kilisema, ondoa jeshi lako wakati macho ya mwingine yako kwingine. Akatafuta siku ambayo polisi, makarani na wakubwa wote wa kambi wangekuwa mahali pamoja na kazi nyingi mikononi, akaipata: siku ya kuhesabiwa. Vijana wangekutana asubuhi kwenye njia panda ya kwenda Rugaaga, wawili wawili, wakijifanya wanakwenda vibarua, na huko mbele kuna lori. Mpango huo ulikuwa siri ya kijeshi. Mimi niliusikia kwa muuza chapati, ambaye aliusikia kwa kinyozi, ambaye alikuwa miongoni mwa waliokula kiapo.

Polisi sikwenda. Ningekwenda, wangemkamata mdogo wangu pamoja na wengine, na ningekuwa nimemwokoa kwa simba nikamtia kwa chui. Na kwa kweli sikuona haja. Kapiteni alikuwa amefanya kosa ambalo hakuna mfalme wa Ulaya angelifanya, kwa kuwa wafalme wa Ulaya hawakula kwa kadi.

Niwaeleze wasioishi kambini. Kila nyumba ina kadi ya chakula, na kadi imeandikwa idadi ya watu. Siku ya kuhesabiwa, kila aliye kwenye kadi lazima afike mwenyewe, uso wake upigwe picha na kidole chake kitiwe kwenye mashine. Udhuru hausikilizwi, isipokuwa wa aliyelazwa mwenye karatasi ya matibabu. Asiyefika anafutwa, na nyumba inapimiwa mahindi, maharage na mafuta kwa waliobaki. Watu wenye homa hubebwa kwa machela. Nimeona mama aliyejifungua alfajiri akiwa mstarini saa nne, na mtoto akahesabiwa kabla hajapewa jina. Siku hiyo ndiyo Krismasi yetu na ndicho kiyama chetu, na kapiteni aliichagua iwe siku ya kukosekana.

Nilipita nyumba kwa nyumba kwa siku tatu, kikapu cha samaki kichwani. Sikusema habari ya vita hata kwa neno moja. Niliwauliza akina mama tu kama vijana wao wote watafika, kwa sababu nimesikia mwaka huu makarani ni wakali, na nyumba itakayopungukiwa mtu mmoja, faili yake ya kuhamishiwa ng'ambo itarudi chini kabisa ya rundo. Hilo la faili nililiongeza mwenyewe. Akina mama walinisikiliza wakimenya mihogo, nao hawakuuliza sana, lakini niliona visu vyao vikisimama.

Kwetu nilisema wazi. Tulikuwa tumekaa, mama anachambua maharage, mdogo wangu anakula.

"Ukikosa siku ile, banakufuta," nilimwambia. "Kadi ya batu batatu inakuwa ya babili. Mama ataanza kukula chakula ya nani?"

Aliacha kula. Alimtazama mama, si mimi.

"Na mutu akisha hesabiwa?" aliuliza. "Banamuhesabu tena lini?"

"Inaweza kuwa mwaka mbili. Inaweza kuwa tatu. Ukisha tia kidole, umetia."

Nilijibu haraka, kwa fahari ya mtu anayejua mambo. Yeye alisema sawa, akaendelea kula.

Siku yenyewe ilifika na mstari ukaanza kabla ya jua. Watu walipanga mawe ya kushika nafasi, wakaja wenyewe kuyapokea: bibi, babu, vichanga, vilema, na jeshi zima la kapiteni. Niliwahesabu mmoja mmoja. Kinyozi alikuwepo na mama yake amemshika mkanda wa suruali kwa nyuma. Wengine walikuwa wamevaa buti za mpira mpya, walizonunua kwa ajili ya safari, na buti zilikuwa zikishika vumbi mstarini. Kitabu kilitaka nguvu zote zikusanyike mahali pamoja, na kwa kweli zilikusanyika.

Kapiteni peke yake ndiye aliyekuwa njia panda. Aliyepita na baiskeli alituambia: amesimama na begi la shule, anatazama saa. Kufika saa sita mke wa kapiteni alichoka. Alikwenda kumfuata kwa miguu, akarudi naye, na maneno aliyomwambia kule yalifika mstarini kabla yao.

"Banaita jina yako mara mbili. Kuja utie kidole, vita itakungojea."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mstari mzima ulicheka, na kapiteni alipita katikati yetu na begi lake, akatia kidole, akapigwa picha. Baadaye aliwaambia watu kwamba kulikuwa na kurudi nyuma kwa mpango. Jumatano iliyofuata nyuma ya kanisa hapakuwa na mtu ila mbuzi, na shitingi iliezekea banda la kuku la mchungaji.

Mdogo wangu alitia kidole. Karani alipomwambia atazame kamera, alitabasamu. Niliona tabasamu lile nikalisoma nilivyotaka: nilidhani ni la mtu aliyeshindwa na akafurahi kushindwa. Jioni ile nilikaanga samaki mzima, ambaye sikuzoea kumgusa kwa kuwa ni wa kuuza, tukala watatu. Nilisema mengi. Nilisema mkuu wa vita mwenye mke wa kumwita si mkuu. Nilisema kitabu chote kile hakina mfalme hata mmoja aliyekaa mstarini kungoja mafuta ya kupikia. Mama alicheka. Mdogo wangu naye alicheka, na akanipa kichwa cha samaki, kwa kuwa alijua nakipenda.

Siku ya tisa baada ya hapo nilikuwa Mbarara. Niliporudi alasiri nilimkuta mama ameketi mlangoni, mikono mapajani, na ungo mbele yake hauna kitu.

"Amekwenda," alisema. "Yeye na bengine babili. Hakuna kapiteni ndani."

Nilimuuliza alisema nini. Mama alirudia polepole, kama anayesoma barua.

"Amesema, mama, sasa nimekwisha hesabiwa. Hata nikikosa, mutakula. Amesema yaya ndiye alimuonyesha."

Kapiteni na kitabu chake, na wafalme wote, hawakuweza kumwondoa kijana yule nyumbani, kwa sababu kulikuwa na jambo moja lililomzuia, nalo lilikuwa tumbo la mama. Mimi ndiye niliyelitatua. Nilimwonyesha siku, nikamweleza sheria, nikamwambia ana miaka miwili au mitatu. Nilipigana siku moja, nikashinda mbele ya watu wote, nikakaanga samaki. Sijawahi kumdharau mtu kama nilivyojidharau pale mlangoni.

Nilikwenda hadi Rugaaga kuuliza, kisha mpakani, kisha nikarudi. Hakuna aliyeona, au hakuna aliyesema. Tulisikia baadaye kwamba wale wengine wawili walionekana upande wa pili na kundi ambalo sikuwahi kulisikia, jipya, lenye jina refu. Habari zake yeye hazikuja.

Na kila mwezi tulipimiwa chakula cha watu watatu. Nilisimama mstarini, nikanyoosha kadi, nikapokea mahindi yake, maharage yake, na kikombe chake cha mafuta. Katika kitabu cha kapiteni, nyumbani ndiko kunakolisha jeshi. Magunia yanakwenda mbele kwa mikokoteni. Sisi askari wetu ndiye aliyetulisha. Mwanzoni mama alitenga sehemu ya mdogo wangu kwenye mfuko, akisema ataikuta akirudi. Wadudu walipoanza kuingia aliipika. Alikula akitazama ukuta, na mimi nilikula kwa sababu nilikuwa na njaa.

Kuhesabiwa kwingine kulikuja 2014. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na uongo mzuri, kwamba yuko Mbarara kwa matibabu, na karatasi ya zahanati nilikuwa nimeitafuta. Kufutwa kwake sikukutaka. Niliona akifutwa pale, atakuwa amefutwa kila mahali.

Tulipofika mezani karani, kijana wa Kiganda mwenye sauti nzuri, alisoma majina matatu, akatuangalia sisi wawili.

"Huyu mwingine iko wapi?"

Nilifungua mdomo. Mama alinishika mkono.

"Mumufute," alisema.

"Mama, ukimufuta leo, kumurudisha ni kazi sana. Unaelewa?"

"Nasikia. Mumufute. Nimechoka kukula mutoto yangu."

Karani alinitazama mimi, kana kwamba neno la mwisho lilikuwa langu. Nyuma yetu watu walikuwa wakisukumana. Niliitikia kwa kichwa, naye akapiga mstari, akaandika mbili.